Kanzu ya Imamu Mdogo

Sifa njema zote zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wa nyumba yake, maswahaba zake, na kila anayefuata mwendo wao kwa wema mpaka siku ya mwisho.

Amma baad.



Mawaidha haya niliyatoa baada ya sala ya Isha katika darsa letu la kila wiki, na ndugu wanaosimamia jarida wakaniomba niyaandike ili wale waliokuwa na mitihani nao wayapate. Nimeyaongeza kidogo, kwa sababu siku ile kuna jambo niliona haya kulisema mbele ya watu. Hapa nitalisema.

Nataka tuzungumze kuhusu watoto. Najua wengi wetu hatujaoa wala kuolewa, na mtu anaweza kusema kwamba mada hii ni ya wazazi. Lakini wengi wetu kila Ijumaa tunateremka Buyenzi kusali, na tukipita katika zile barabara zake za namba tunapishana na watoto wa shule ya msingi, makumi kwa makumi. Wao wanatuona. Wanajua kwamba sisi ni "wale wa chuo kikuu". Swali langu ni fupi: je, na sisi tunawaona?

MTOTO ALIYESALISHA WATU WAZIMA

Imam Bukhari (r.h.) amepokea katika Sahihi yake kisa cha swahaba aitwaye Amr bin Salima (r.a.), na anayekisimulia ni Amr mwenyewe. Anaeleza kwamba watu wake walikaa mahali penye maji, njia ya misafara. Kila wasafiri walipopita hapo, watu wa pale waliwauliza habari: kuna nini huko mtokako, na huyo mtu anayetajwa ni nani? Wasafiri walijibu kwamba mtu huyo anasema ametumwa na Allah, na kwamba ameteremshiwa kadhaa na kadhaa. Amr alikuwa mtoto. Alikuwa akisikiliza tu, na maneno yale yakawa yanaganda kifuani mwake.

Makka ilipofunguliwa, mwaka wa 8 Hijria, makabila yakakimbilia Uislamu. Baba yake Amr alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akarudi na maagizo ya sala: msali sala fulani wakati fulani, mmoja wenu aadhini, na awasalishe yule mwenye Qur'ani nyingi zaidi. Watu wakatazamana. Wakatafuta. Hawakumpata aliyehifadhi zaidi ya yule mtoto aliyekuwa akiwasikiliza wasafiri pale penye maji. Wakamtanguliza mbele yao, naye ana miaka 6 au 7.

Kisa hakikuishia hapo. Amr alikuwa na shuka fupi. Akisujudu, inapanda na mwili wake unaonekana. Mwanamke mmoja wa kabila lile akawaambia wanaume: hivi hamwezi kumsitiri msomaji wenu huyu? Wakanunua kitambaa, wakamshonea kanzu. Amr anasema hakuna kitu alichowahi kukifurahia kama alivyoifurahia kanzu ile.

Maulamaa wametofautiana kama inasihi mtoto asiyebaleghe kuwasalisha watu wazima sala ya faradhi. Wanaofuata madhehebu ya Imam Shafi'i, ambao ndio wengi katika nchi zetu hizi, wanaikubali ikiwa mtoto ana akili ya kupambanua mambo, na kisa hiki ni katika hoja zao. Wengine hawaikubali. Sikuja kuufungua mlango huo. Nimekuja na mambo matatu yaliyomo ndani ya kisa: yale maji, ile nafasi ya mbele, na ile kanzu.

LA KWANZA: PENYE MAJI

Tazama mahali Amr alipojifunzia. Hakukuwa na darasa wala ubao. Palikuwa na mahali watu wa kila aina wanapokutana, na mtoto hakufukuzwa pale. Hakuna aliyemwambia, "Wewe nenda kacheze, haya ni mazungumzo ya wakubwa."

Sasa tuwatazame watoto wa kwetu. Mwaka 2005 serikali ya Burundi ilipofuta ada ya shule ya msingi, watoto wengi waliokuwa wamebaki nyumbani waliingia shule. Hiyo ni neema na tunamshukuru Allah kwayo. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi ya watoto, ndiyo maana shule nyingi za Bujumbura zinakwenda kwa zamu: kundi moja asubuhi, kundi jingine mchana. Maana yake mtoto wa Buyenzi ana nusu siku nzima isiyo na shule. Sehemu ya nusu hiyo anakwenda madrasa, alhamdulillah. Inayobaki ni ya barabarani.

Na hebu tuangalie anavyokaa huko anakokwenda. Shuleni anakaa katika mstari, wamebanana kwenye dawati, mwalimu anasema na wao wanaitikia kwa pamoja. Madrasa anakaa katika mstari juu ya mkeka, ustadhi anasoma na wao wanaitikia kwa pamoja. Siwalaumu walimu. Aliyepewa darasa lililofurika hana njia nyingine, na wengi wao wanajitahidi kuliko malipo wanayopata. Nasema tu kwamba mtoto anaweza kumaliza shule ya msingi bila yeyote kuisikia sauti yake ikiwa peke yake.

Kuna pia suala la lugha, nanyi mliokulia hapa mnalijua vizuri kuliko mimi. Nyumbani mtoto anazungumza Kiswahili. Akiingia shule, miaka ya mwanzo anafundishwa kwa Kirundi, kisha Kifaransa kinashika nafasi hiyo, na Kiingereza kinakuja kama somo. Madrasa anakutana na Kiarabu. Mtoto huyu ana lugha tano kichwani, lakini sisi watu wazima tunamhesabia makosa tu. Akiteleza katika Kirundi anaambiwa ni Mswahili. Akiteleza katika Kifaransa anaambiwa ni mjinga. Baada ya muda anagundua dawa: kunyamaza. Nasi tunamsifu kwamba ana adabu, kumbe ameogopa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tukisema tuwasaidie watoto hawa, tusikimbilie kuwafungulia darasa la tatu. Najua ndilo wazo linalotujia kwanza: tuwape hesabu, tuwape Kifaransa, tuwaandalie mitihani. Lina thawabu, na wanaoweza waendelee. Lakini mtoto aliyekwisha kukaa katika mistari miwili kwa siku hahitaji mstari wa tatu. Anahitaji penye maji: mahali atakapokutana na watoto wa barabara nyingine, wa shule nyingine, na watu wazima ambao si baba yake wala mwalimu wake, aulize na ajibiwe, asimulie na asikilizwe.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa na mlango mdogo tu wa kuingilia kwa mtoto: alijua habari zake. Anas bin Malik (r.a.) alikuwa na mdogo wake aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Mtume (s.a.w.) alimwita kwa lakabu ya heshima, Abu Umayr, kama anavyoitwa mtu mzima, na alipofika nyumbani kwao alimuuliza yule ndege wake amekuwaje. Bukhari na Muslim wote wameipokea habari hii. Hebu fikirini. Huyu ni kiongozi wa umma, anapokea wahyi, anapokea wajumbe, ana vita na mikataba, lakini anajua kwamba mtoto fulani katika nyumba fulani ana ndege. Katika sisi, ni nani anayemjua mtoto mmoja wa Buyenzi kiasi cha kumuuliza habari ya kitu anachokipenda?

Msione kwamba ni jambo dogo. Vita vilipoanza nchini mwaka 1993, mitaa mingi ya Bujumbura iligawanyika. Watu wa kabila moja walihama huku, wa jingine wakahamia kule, na jirani akamkimbia jirani. Buyenzi ilibaki na mchanganyiko wake, na waliokimbia kutoka mitaa mingine walipata hifadhi humo. Sababu ni nyingi, na dini ni mojawapo. Lakini kaa na wazee wa pale uwaulize kwa nini hawakumtoa jirani yao. Mara nyingi jibu halianzi na hutuba. Linaanza na utoto: tulicheza pamoja, tulisoma pamoja, tulikula sinia moja. Udugu wa siku ya hatari haujengwi siku ya hatari. Unajengwa na watoto wa miaka minane wakigombania mpira na kupatana. Tukiwaacha watoto wa leo kila mmoja na barabara yake, shule yake na simu ya kaka yake, tunakula akiba ambayo wazee wetu waliiweka na sisi hatuweki yetu.

LA PILI: WALIMTANGULIZA

Kabila la Amr halikumpigia makofi. Halikumweka jukwaani asome aya mbili, watu wakasema "mashaallah", kisha akarudi kukaa nyuma. Walimpa kazi ambayo wao wenyewe waliihitaji. Bila yeye, sala isingekwenda vile walivyoagizwa. Hapo ndipo penye tofauti kati ya kumpamba mtoto na kumwamini mtoto.

Sisi tunajua sana kupamba. Kila hafla tunao watoto waliovaa kanzu nyeupe na hijabu za rangi moja, wanaimba kasida, tunawapiga picha, picha zinazunguka katika simu. Siku ya pili yake mtoto yule yule akisogelea birika la maji ya udhu tunamfokea asichezee. Anaelewa haraka kwamba tulihitaji sura yake, hatukumhitaji yeye.

Kuna kisa kingine, kimo katika Bukhari na Muslim, kutoka kwa Sahl bin Sa'd (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliletewa kinywaji, akanywa. Kuliani kwake alikaa mvulana, na kushotoni walikaa watu wazima. Sunna ni kuanza kulia. Mtume (s.a.w.) akamgeukia mvulana akamwomba ruhusa: je, unaniruhusu niwape hawa kwanza? Mvulana akakataa, akasema hawezi kumpa mtu mwingine fungu lake linalotoka kwake. Na Mtume (s.a.w.) akakitia chombo mkononi mwa yule mvulana.

Wazee walikuwepo na walisubiri. Hakuna aliyesema mtoto hana adabu. Mtoto aliulizwa swali la kweli, akajibu kwa kweli, na jibu lake likafuatwa. Sisi tungemuuliza mtoto swali lile kwa kujionyesha, na tayari chombo kimeshapita.

Mtu anaweza kuuliza: tukiwazoesha hivi, je, hatutawajaza kiburi? Swali zuri. Kujiamini kwa Muislamu kuna mzizi wake. Ibn Abbas (r.a.) alikuwa kijana mdogo, amepanda nyuma ya Mtume (s.a.w.), ndipo akafundishwa maneno ambayo Tirmidhi ameyapokea: kwamba amhifadhi Allah naye atamhifadhi, akiomba amwombe Allah, na ajue kwamba watu wote wakikusanyika wamdhuru, hawataweza ila kwa lile Allah alilokwisha kumwandikia. Mtoto aliyeingiwa na maneno hayo hamwogopi mtu, na wala hajioni bora kuliko mtu, kwa sababu anajua nguvu si yake. Na Luqman, katika sura yenye jina lake, baada ya kumfundisha mwanawe tauhidi na sala, alimkataza kuwageuzia watu shavu kwa dharau na kutembea kwa maringo, akamwagiza ashushe sauti yake. Kasome aya ya 13 mpaka ya 19. Anayemwogopa Allah anasimama wima na anashusha sauti, yote mawili kwa pamoja.

Angalia tena: somo la Ibn Abbas lilitolewa wakiwa juu ya mnyama, safarini. Hata imani kubwa kama hiyo ilifundishwa njiani.

LA TATU: KANZU

Hili ndilo jambo nililoliona haya siku ile ya darsa.

Nguo ya Amr ilipopanda, kasoro ilionekana na watu wote. Walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni rahisi: kumwondoa mtoto, kumweka mtu mzima mwenye nguo ndefu. Ya pili ni gharama: kununua kitambaa, kushona, na kumwacha mtoto pale pale mbele. Yule mama, Allah amlipe kheri, hakusema "mtoeni". Alisema msitirini. Kasoro ilikuwa ya nguo, na wakaitengeneza nguo.

Miaka miwili iliyopita tulikuwa na hafla ya watoto wa madrasa katika msikiti mmoja wa hapa mjini. Mimi nilikuwa mshereheshaji. Kulikuwa na wageni, na mtoto mmoja wa miaka tisa hivi alipangiwa kuwakaribisha kwa Kifaransa, sentensi sita au saba. Alikuwa amezihifadhi. Nilimsikiliza mwenyewe asubuhi ile, alizisema zote. Alipopewa kipaza sauti alisema mbili, ya tatu ikampotea. Akarudia ya pili. Nyuma wakaanza kucheka, si kwa ubaya, kicheko tu cha watu wengi. Akanitazama.

Ndugu zangu, alinitazama ili nimpe neno moja. Neno moja tu, la kuanzia sentensi ya tatu, nami nilikuwa nalijua. Badala yake nikachukua kipaza sauti mkononi mwake, nikatabasamu kwa wageni, nikaimalizia hotuba yake yote kwa Kifaransa changu cha chuo kikuu. Watu wakapiga makofi. Baadaye mama yake akaja akaniambia, "Asante mwanangu kwa kumsaidia mdogo wako." Na mimi nikaitikia ile asante.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Nilijiambia kwamba watoto ndivyo walivyo.

Kama miezi mitano baadaye nilipeleka pikipiki ya mjomba wangu katika gereji moja ya Buyenzi, nanyi mnajua mtaa ule ulivyojaa gereji. Nikamkuta pale, mikono ina oili mpaka kwenye viwiko. Fundi amelala chini ya gari anasema, "Kumi na tatu," na mtoto anaweka spana ya 13 katika mkono wake bila kutazama mara mbili. "Kumi na saba." Anaweka. Mteja akauliza bei ya kitu fulani, na mtoto ndiye aliyemjibu, kwa Kirundi safi, kwa sauti ya kusikika. Nikamsalimia, nikamwambia, "Mbona hatukuoni? Njoo Jumamosi, tunahitaji mtu wa kuwakaribisha wageni." Akainamisha kichwa akasema, "Kaka, mimi sijui kusema."

Alikuwa ametoka kusema sasa hivi. Lakini sentensi ile hakuzaliwa nayo. Niliiweka mimi kinywani mwake, mbele ya watu, siku niliyochukua kipaza sauti. Na gereji, pamoja na hatari zake zote kwa mtoto wa umri ule, ilikuwa imempa kile ambacho msikiti ulimnyang'anya kwa mkono wangu: kazi ya kweli, na mtu anayenyoosha mkono akiamini kwamba atapewa spana inayotakiwa.

Nilikwenda kwao, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Mama alishangaa, alikuwa amesahau. Mtoto hakuwa amesahau. Sitawadanganya kwamba yote yametengenea. Siku za Jumamosi anakuja sasa. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya mikeka na ndiye anayehesabu mipira, na mpira ukipotea sisi wakubwa ndio tunaomjibu yeye. Kipaza sauti bado hakitaki. Ninamngojea. Nikimwona anafungua stoo namkumbuka yule mama wa kabila la Amr, na ninamwomba Allah anisamehe kanzu niliyokuwa nayo mkononi nisimvishe.

TUFANYE NINI

Ndugu zangu, sisi hatuna fedha za kujenga shule. Tuna saa mbili au tatu za Jumamosi, na tuna miguu ya kuteremkia Buyenzi. Napendekeza mambo haya kwa muhula huu.

Kwanza, kila mmoja wetu awajue watoto watatu, wa barabara tofauti na ikiwezekana wa shule tofauti. Asianze na thelathini. Ajue majina yao, wazazi wao, zamu yao ya shule, na ndege wao, yaani kile kitu wanachokipenda. Kaka wachukue wavulana, dada wachukue wasichana. Na wasichana wasisahauliwe, maana nusu siku yao isiyo na shule mara nyingi inamezwa na kazi za nyumbani, na wengine hawatoki kabisa. Dada zetu waende wakazungumze na mama zao, watakaribishwa.

Pili, kila mtoto apewe kazi inayohitajiwa kweli. Kuadhini sala ya Alasiri. Kupanga viatu mlangoni ili wazee wasijikwae. Kupokea wageni na kuwauliza majina. Kutangaza kwa Kirundi au kwa Kiswahili kile kitakachofanyika wiki ijayo. Kusuluhisha ugomvi wa mpira. Kumfundisha mgeni wa mtaa njia ya kufika msikitini. Mtoto asipoifanya, ikae bila kufanywa mpaka aifanye. Kama tunaifanya sisi kimya kimya nyuma yake, basi hatukumpa kazi, tulimpa mchezo.

Tatu, tuweke sharti la kanzu. Hakuna mtu mzima kumpokonya mtoto kipaza sauti. Akisahau, mpe neno moja. Akisahau tena, mpe jingine. Wakicheka, wewe simama karibu naye mpaka kicheko kiishe. Makosa yake tuyasitiri na kuyatengeneza baadaye, yeye na wewe tu, kama unavyopenda Allah akusitiri wewe.

Nne, amana. Hawa ni watoto wa watu. Mikutano yote iwe mahali pa wazi, wakubwa wasipungue wawili, wazazi wawe wamejua na kuridhika. Mtu mzima asijitenge faraghani na mtoto, kwa sababu yoyote ile. Hakuna fimbo na hakuna matusi. Na mtu akiona jambo lisilo sawa aseme papo hapo, hata kama mhusika ni rafiki yake au ni kiongozi wetu. Anayeona sharti hili ni kumtilia shaka asishiriki.

Tano, uwanja uwe wazi kwa jirani. Mtoto asiye Muislamu akija kucheza mpira, acheze, apewe maji, aulizwe jina lake. Tusimpe hutuba. Ile akiba ya wazee wa Buyenzi haikuwekwa kwa Waislamu peke yao.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Mikono ya mzazi na ya mwalimu imechoka, na inashukuru ikipata mwenzake. Wa tatu ni wetu.

Mwisho, tuzingatie Surat Adh-Dhuha. Allah anamkumbusha Mtume wake (s.a.w.) kwamba alimkuta yatima akampa makazi, alimkuta mhitaji akamtosheleza. Kisha anamwagiza asimwonee yatima wala asimkaripie mwenye kuomba. Baadhi ya wafasiri wamesema mwenye kuomba hapa ni pamoja na anayeuliza akitaka elimu. Kila mmoja wetu aliyefika chuo kikuu akumbuke siku alipokuwa na miaka minane, na mtu aliyempa neno moja lililompotea. Kama alikuwepo, tumwombee dua usiku huu. Kama hakuwepo, basi tunajua maumivu yake, na hatuna udhuru wa kumwachia mtoto mwingine.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliowanyamazisha kwa kutaka kusifiwa. Wafungue vifua watoto wetu na uzifungue ndimi zao kwa haki. Wafanye wawe ndugu kabla ya siku ya kuhitajiana. Uwape walimu wao subira na uwalipe. Na utujaalie tuwe miongoni mwa wanaositiri, si miongoni mwa wanaoondoa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.